Harry Harlow na Uso wa Mama

Katika falsafa tunauliza mara nyingi: mtoto hujifunzaje kupenda? Harry Harlow, mwanasaikolojia wa Marekani, alilitafuta jibu maabarani.

Alizaliwa Fairfield, jimbo la Iowa, tarehe 31 Oktoba 1905. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1930, kisha akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikoanzisha maabara ya kima.

Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa ajili ya maziwa tu. Harlow aliwatenga watoto wa kima na mama zao, akawapa mama wawili wa bandia: mmoja wa waya mtupu, mwingine wa kitambaa laini. Hata maziwa yalipotoka kwa yule wa waya, watoto walimwendea kunyonya tu, kisha wakarudi kumkumbatia wa kitambaa. Matokeo hayo aliyatangaza mwaka 1958.

Jicho nalo hulelewa. Mtoto mmoja alizoea mama mwenye kichwa kisicho na sura. Baadaye alipowekewa uso wenye macho, aliogopa, akakigeuza kichwa hadi upande mtupu umwelekee. Kwake huo ndio ulikuwa uso wa mama. Mwaka 1967 watafiti wa Wisconsin walionyesha pia kwamba kima huwapendelea wenzao waliolelewa kama wao, hata kama hawajawahi kuonana.

Lakini elimu hiyo ilikuwa na gharama. Kima waliofungiwa peke yao tangu kuzaliwa walijikumbatia, wakayumbayumba na kujiuma. Baadhi ya majike walipozaa waliwapuuza watoto wao au kuwaumiza. Katekisimu inatufundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ya lazima ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Hivyo tunapokea alichogundua Harlow, lakini hatuwezi kuzisifu njia zake zote.

Baadaye yeye na Stephen Suomi waliwaweka kima waliokuwa wametengwa miezi 6 pamoja na wadogo wa miezi 3. Wadogo wale waliwang'ang'ania na kucheza nao, na wale waliodhurika wakapona kwa kiasi kikubwa.

Harlow alifariki Tucson, Arizona, tarehe 6 Desemba 1981. Nasi tunapowatembelea watoto yatima parokiani, tusipeleke unga na sabuni tu. Tukae nao, tuwapakate, wazizoee nyuso zetu.