Isaac Newton na mnato: kwa nini zege si kama mafuta ya nazi

Wengi wanamkumbuka Isaac Newton kwa hadithi ya tofaa na nguvu ya uvutano. Lakini jina lake limebaki pia kwenye jambo ambalo mafundi ujenzi wa Tanga na Pangani hukutana nalo kila siku: mnato, yaani ukinzani wa kimiminika dhidi ya kutiririka.

Alizaliwa Disemba 25, 1642, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo, katika kijiji cha Woolsthorpe. Baba yake, mkulima, alikuwa amefariki miezi mitatu kabla. Mama yake alipoolewa tena, mtoto aliachwa kwa bibi. Mwaka 1661 aliingia Cambridge, na mwaka 1669, akiwa na miaka 26, akawa profesa wa hisabati.

Kitabu chake kikuu, Principia, kilitoka mwaka 1687. Sehemu yake ya pili inahusu mwendo ndani ya vimiminika. Mfaransa René Descartes alikuwa amefundisha kwamba sayari hubebwa na mkondo unaozunguka, kama jani ndani ya maji yaliyokorogwa. Newton alitaka kuonyesha kuwa haiwezekani, na ili apige hesabu ilimbidi kwanza aseme vimiminika husuguana vipi. Alichukulia kwamba tabaka moja likipita juu ya jingine, ukinzani hukua sawia na tofauti ya kasi: kasi ikizidi mara mbili, ukinzani nao huzidi mara mbili. Aliitaja waziwazi kuwa ni dhana tu. Kwa mtu ambaye hakupenda kabisa kupingwa, huo ulikuwa uangalifu wa aina yake.

Mwaka 1696 alihamia London kusimamia kiwanda cha sarafu, mwaka 1703 akawa rais wa Royal Society, na alifariki Machi 1727 akiwa na miaka 84.

Dhana yake inakubaliana na maji na mafuta ya nazi. Mafuta hayo huganda kwenye baridi ya Lushoto na huwa mepesi jikoni, lakini joto likibaki lilelile, mnato haubadiliki hata ukikoroga kwa nguvu. Wanga wa mahindi uliolowekwa kwa maji machache hautii: ukiupiga ghafla hukaza. Rangi ya ukutani na tope la mikokoni hufanya kinyume, hulegea vikisukumwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Eugene Bingham alichunguza vitu visivyosogea mpaka visukumwe kwa nguvu ya kutosha.

Zege bichi la saruji ya Pongwe ni la kundi hilo. Likitulia huonekana zito, na kishawishi ni kuliongezea maji. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na nguzo hupoteza nguvu. Likitetemeshwa kwa mashine, au likichokonolewa kwa nondo, hulegea bila tone la nyongeza na kujaa hadi kwenye pembe za mbao.