Anne Brontë, Binti wa Kasisi

Anne Brontë alizaliwa Thornton, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 17 Januari 1820. Baba yake, Patrick, alikuwa kasisi wa Kianglikana. Mama yake alifariki mwaka 1821, naye akalelewa na mama yake mkubwa.

Alipokua alifundisha watoto katika nyumba za matajiri. Kaka yake, Branwell, alifanya kazi hiyohiyo, akafukuzwa mwaka 1845, akarudi nyumbani Haworth na kuzama katika ulevi na kasumba. Basi Anne aliona kwa macho yake jinsi pombe inavyommaliza mtu na kuitesa jamaa nzima.

Mwezi wa Juni 1848 alitoa kitabu, The Tenant of Wildfell Hall, kwa jina la Acton Bell. Helen anaolewa na Arthur Huntingdon, kijana mzuri wa sura na mcheshi, akitumaini kumrekebisha ndani ya ndoa. Lakini mume analewa, anazini, anamdharau mkewe, na mwisho anamzoeza mtoto wao mdogo kunywa na kutukana. Hapo Helen anatoroka na mtoto, akijilisha kwa kuchora picha. Siku zile sheria ya Uingereza ilimpa mume mali ya mkewe na amri juu ya watoto. Huntingdon anapougua, Helen anarudi kumwuguza hadi kufa. Ila kwanza anamtaka atie sahihi kwamba mtoto atabaki kwa mama.

Wengi walimlaumu Anne kwa kuyaanika mambo hayo. Alijibu kwamba kuzificha hatari za maisha hakuwasaidii vijana. Branwell alifariki Septemba mwaka huo. Anne alifariki kwa kifua kikuu huko Scarborough, tarehe 28 Mei 1849, akiwa na miaka 29.

Hata kwetu Kanda ya Ziwa, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alituonyesha baba mlevi, Zakaria, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971. Mwaka huohuo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ilitamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake.

Nasi wa Bariadi tunazijua nyumba ambamo fedha ya pamba huishia kilabuni, na mama hukimbilia kwa jirani usiku. Tusimrudishe kwa neno moja tu la kuvumilia. Helen alisamehe, lakini kwanza alimwokoa mtoto.