Howard Ashman

Howard Elliott Ashman (Baltimore, Maryland, 17 Mei 1950 – New York, 14 Machi 1991) alikuwa mtunzi wa mashairi ya nyimbo, mwandishi wa tamthilia na mwongozaji wa maonyesho ya jukwaani kutoka nchini Marekani. Anafahamika hasa kwa nyimbo alizotunga pamoja na mwanamuziki Alan Menken kwa ajili ya filamu tatu za katuni za kampuni ya Walt Disney: The Little Mermaid (1989), Beauty and the Beast (1991) na Aladdin (1992). Baada ya kifo chake, filamu zote tatu zilitengenezwa upya kwa kutumia waigizaji halisi, na baadhi ya maneno yake yakabadilishwa.

Maisha ya awali

Ashman alikulia Baltimore. Alisoma katika Boston University na Goddard College, kisha akapata shahada ya uzamili katika Indiana University mwaka 1974. Baadaye alihamia New York, na mwaka 1977 akawa mkurugenzi wa sanaa wa WPA Theatre, jumba dogo la maonyesho.

Mwaka 1982 yeye na Menken walitoa Little Shop of Horrors, tamthilia ya nyimbo kuhusu mmea unaokula watu. Kazi hiyo yenyewe ilitokana na filamu ya zamani ya mwaka 1960 iliyotengenezwa kwa fedha kidogo. Ilipendwa sana, na mwaka 1986 ikarudi tena kuwa filamu. Mwaka huohuo tamthilia yake nyingine, Smile, ilifunguliwa Broadway lakini haikudumu.

Kazi katika filamu za katuni

Ashman alipojiunga na Disney, idara ya katuni ilikuwa imepoteza sifa yake ya zamani. Aliwafundisha wachoraji kwamba wimbo unapaswa kuisukuma hadithi mbele, na kwamba mapema katika filamu mhusika mkuu aimbe kile anachokitamani. Katika The Little Mermaid, ambayo pia alikuwa mmoja wa watayarishaji wake, wimbo wa namna hiyo ni Part of Your World, ambapo nguva anaeleza hamu yake ya kuishi nchi kavu. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio, watoto walionekana kuchoka wakati wa wimbo huo, na mkuu wa studio Jeffrey Katzenberg akataka uondolewe. Ashman alipinga vikali, na wimbo ukabaki.

Ni yeye pia aliyependekeza kaa Sebastian awe na lafudhi na muziki wa visiwa vya Karibi. Wimbo wa kaa huyo, Under the Sea, uliwapatia Ashman na Menken tuzo ya Oscar mwaka 1990.

Ugonjwa na kifo

Wakati huo Ashman alikuwa tayari anajua kwamba ana virusi vya UKIMWI, lakini aliwaficha wenzake wengi. Menken mwenyewe aliambiwa baada tu ya sherehe za Oscar. Afya yake ilipozorota, watengenezaji wa Beauty and the Beast walisafiri hadi Fishkill, karibu na nyumbani kwake, ili aendelee kufanya kazi nao. Alifariki akiwa na umri wa miaka 40, miezi kadhaa kabla filamu hiyo haijatoka. Ikawa filamu ya kwanza ya katuni kuteuliwa kugombea Oscar ya filamu bora. Wimbo wenye jina la filamu ulishinda tuzo mwaka 1992, ikapokelewa kwa niaba yake na mwenzi wake, Bill Lauch. Nyimbo za Aladdin zilimaliziwa na Tim Rice.

Filamu zilizotengenezwa upya

Beauty and the Beast ilirudiwa mwaka 2017, Aladdin mwaka 2019 na The Little Mermaid mwaka 2023. Mbili za kwanza zilipata mapato ya zaidi ya dola bilioni 1 kila moja.

Mashairi ya Ashman yalitendewa kwa namna tofauti. Mwaka 2017 beti zake ambazo hazikutumika mwanzoni zilirudishwa. Katika Aladdin, wimbo wa ufunguzi ulirekebishwa zaidi. Ulikuwa umeshabadilishwa kwenye kanda za video mwaka 1993 kufuatia malalamiko ya Wamarekani wenye asili ya Kiarabu. Mwaka 2023 maneno ya Kiss the Girl yalibadilishwa ili isionekane kwamba kijana anaweza kumbusu msichana bila ridhaa yake, na wimbo wa mpishi ukaondolewa kabisa. Wako wanaoona kwamba mabadiliko hayo yanalingana na wakati, na wako wanaoona kwamba kazi ya mtu asiyeweza tena kuulizwa ingeachwa ilivyo.

Wimbo Proud of Your Boy, ambamo Aladdin anamwahidi mama yake kuwa mwana mwema, uliachwa mwaka 1992 baada ya mhusika wa mama kuondolewa katika hadithi. Ulisikika Broadway mwaka 2014, lakini haukuingizwa katika filamu ya 2019.