BI. ETHELWYNN TREWAVAS: MWANAMKE ALIYEWAPANGA SATO NA PEREGE



Katika kijitabu hiki cha kutimiza miaka kumi tumeweka hesabu, picha na majina ya waanzilishi. Tumeona ni vema tuweke pia maisha ya mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kutujua, lakini kazi yake inatuhusu sana. Wengi wetu hapa mtaji wa kwanza ulitokana na samaki. Tumeuza dagaa, tumekaanga sato, tumekausha perege, na ada za watoto zikapatikana humo humo. Lakini ukiuliza ni nani aliyekaa chini akawachambua samaki hawa mmoja mmoja, yupi ni yupi na anazaa namna gani, wengi watadhani ni mzee fulani wa kizungu mwenye ndevu. La hasha. Alikuwa mama, tena mama mwenye subira ya ajabu. Jina lake Ethelwynn Trewavas.

Kuzaliwa na masomo

Bi. Trewavas alizaliwa tarehe 5 Novemba 1900 katika mji wa Penzance, jimbo la Cornwall, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Ni pwani ya wavuvi, kwa hiyo samaki hawakuwa kitu kigeni kwake. Alisoma hapo kwao, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Reading. Alipomaliza alifundisha shule, kama ilivyokuwa kwa wasichana wengi waliosoma enzi zile, maana ualimu ndiyo kazi iliyokuwa wazi kwao. Baadaye akapata kazi ya kusaidia kufundisha katika chuo cha wanawake mjini London, na hapo akaanza utafiti wake mwenyewe. Sasa basi, hakuanza na samaki. Alianza na vyura! Alichunguza koo na mifupa ya ulimi ya vyura wa aina nyingi, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1933.

Tukumbuke nyakati zenyewe zilivyokuwa. Mwaka 1918 wanawake wa Uingereza waliruhusiwa kupiga kura, lakini kwa masharti, na lazima uwe umetimiza miaka 30. Mpaka mwaka 1928 ndipo walipopewa haki sawa na wanaume. Na mwaka huo huo wa 1928, Bi. Trewavas akiwa na miaka 27, ndipo alipoingia kazini katika Jumba la Makumbusho ya Viumbe la Uingereza pale London.

Msaidizi wa mkubwa

Aliingia kama msaidizi wa Bwana Charles Tate Regan, bingwa wa samaki aliyekuwa amefanywa mkurugenzi wa makumbusho yale mwaka 1927. Mkurugenzi ana vikao, ana barua, ana wageni. Samaki wakabaki kwenye mitungi wanasubiri. Aliyekaa nao ni Bi. Trewavas.

Kazi yenyewe si mchezo. Unamtoa samaki kwenye mtungi wa spiriti, unahesabu miiba ya mapezi, unahesabu magamba ya ubavuni, unapima kichwa, unapima jicho, unamfungua kooni uangalie meno ya ndani. Kisha unamrudisha, unachukua mwingine. Kesho hivyo hivyo.

Pamoja na Bwana Regan alichambua samaki wa kilindini waliokusanywa na meli ya Denmark iitwayo Dana. Humo mlikuwa na samaki wa ajabu kweli. Jike ni mkubwa, ana kama taa kichwani ya kuvutia windo. Dume ni kadogo tu. Kakimpata jike kanamng'ata, kanang'ang'ania hapo, nyama zinaungana, na tangu siku hiyo kanalishwa kwa damu ya mkewe. Bwana Regan ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1925, na mwaka 1932 wawili hao walitoa kitabu kizima juu ya samaki hao. Akina mama mtacheka, lakini ndiyo ukweli wa huko chini baharini. Mwaka huo huo Bi. Trewavas alitoa na kazi yake peke yake juu ya mikunga.

Mwaka 1935 alipandishwa cheo akawa mmoja wa watunzaji katika makumbusho, siyo msaidizi wa mtu tena.

Deni la Ziwa Nyasa

Hapa ndipo anapoingia kwetu. Mwaka 1925 na 1926 daktari mmoja, Cuthbert Christy, alikusanya samaki wengi mno kutoka Ziwa Nyasa na kuwapeleka London. Mwenyewe hakuishi kuona matunda ya kazi yake, maana aliuawa na nyati huko Kongo mwaka 1932. Samaki wake wakafika mezani kwa Bi. Trewavas.

Ziwa Nyasa, ambalo sisi Tanzania tunapakana nalo pamoja na Malawi na Msumbiji, lina mamia ya aina za samaki wa jamii moja na perege ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wengine wanakula mwani kwenye mawe, wengine wanachimba mchanga, wengine wanawavizia wenzao na kuwanyofoa mapezi. Kuwatenganisha ni kama kutenganisha mchele wa aina kumi uliomwagika kwenye gunia moja.

Mwaka 1935 alitoa muhtasari wa samaki hao. Maelezo aliyafupisha, kwa sababu nia ilikuwa kazi kamili ifuate. Ndugu wasomaji, kumbukeni ahadi hiyo, tutairudia.

Mwaka 1939 alishiriki katika uchunguzi wa uvuvi wa Ziwa Nyasa, pamoja na mwanamke mwenzake Bi. Kate Ricardo Bertram na Bwana Borley. Kumbe wavuvi wa ziwani walikuwa wanajua mambo siku nyingi. Pale ambapo mgeni aliona samaki mmoja tu, chambo, wao walikuwa na majina tofauti, kwa sababu wanajua yupi anazaa wapi na mwezi gani. Mwaka 1941 Bi. Trewavas alipomwandika mmoja wao kama aina mpya alimpa jina lile lile la wavuvi, lidole. Mwingine akaitwa kwa jina la Karonga, mji wa kando ya ziwa usio mbali na mpaka wetu wa Kyela. Ripoti ya uchunguzi ule ilitoka mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto.

Mwaka 1944 mwenzake aliyekuwa bingwa wa samaki pale makumbusho, Bwana J. R. Norman, alifariki dunia, na mzigo wa idara ya samaki ukamwangukia yeye. Aliubeba miaka mingi. Mwaka 1958 akawa naibu mkuu wa idara nzima ya wanyama, na mwaka 1961 akastaafu.

Wadogo zake katika kazi

Bi. Trewavas hakufungia ujuzi kabatini. Baada ya vita alikuja msichana mmoja, Rosemary Lowe, aliyetumwa Ziwa Nyasa kuchunguza chambo kuanzia mwaka 1945 hadi 1947. Bi. Trewavas alimsaidia sana. Kisha Bi. Lowe akahamia Jinja, Uganda, kwenye kituo cha uchunguzi wa uvuvi wa Afrika Mashariki, akazunguka maziwa na mito yetu akiwafuata perege. Lakini mwaka 1953 alipoolewa alilazimika kuacha kazi, maana utumishi wa serikali ya kikoloni haukumtaka mwanamke aliyeolewa. Eti ndoa na kazi haviendi pamoja! Hata hivyo hakuacha samaki. Aliendelea na utafiti bila cheo hicho, akaandika vitabu vinavyosomwa dunia nzima, mpaka alipofariki mwaka 2014. Tunalitaja hili ili mabinti zetu wajue mlango uliokuwa umefungwa, na kwamba wapo waliopitia dirishani.

Faida ya jina

Labda mwenzetu atauliza, jina la samaki litanisaidia nini mimi mwenye kikaango? Hebu sikilizeni mfano huu.

Zamani kule Unguja walifugwa perege waliotokana na mito ya bara. Wakachukuliwa wakapelekwa mbali, mpaka Malaya. Watu walidhani ni perege wale wale wa Msumbiji waliokwisha enea huko. Mtaalamu mmoja, Bwana Hickling, alipandisha dume la Unguja kwa jike la aina ya Msumbiji, na mwaka 1960 akatangaza matokeo. Watoto wote madume! Kwa mfugaji hiyo ni habari kubwa. Bwawa lenye majike na madume linajaa vifaranga, samaki wote wanadumaa, unavua vidagaa. Bwawa la madume watupu samaki wanakua wakubwa.

Lakini kwa nini watoke madume? Kwa sababu hawakuwa samaki wa aina moja tangu mwanzo. Mwaka 1966 Bi. Trewavas, aliyekuwa amestaafu tayari, aliwapitia perege wa mito yote inayoelekea Bahari ya Hindi, akamtenga yule wa Unguja na kumpa jina lake. Kwa hiyo jina si urembo. Ukikosea jina umekosea mbegu, na ukikosea mbegu umepoteza mtaji.

Kubwa zaidi ni namna alivyowapanga perege wote wa Afrika. Zamani waliitwa wote tilapia, basi. Yeye alitazama wanavyolea watoto. Wapo wanaotaga chini na kulinda kiota. Wapo wanaotunza mayai kinywani, na katika hao kuna aina ya Afrika Magharibi ambayo baba ndiye anayeyabeba. Na wapo ambao ni mama peke yake anayebeba mayai na vifaranga kinywani. Sisi tunaopara samaki tumekwisha waona hao, ukimbana mdomo mayai yanamwagika. Sato wetu ni wa kundi hili la mwisho, na Bi. Trewavas alilipa jina la Oreochromis. Jina lenyewe lilikuwepo tangu mwaka 1889, lilipotolewa kwa samaki aliyetoka ziwa dogo karibu na Kilimanjaro, lile la Chala, mpakani mwetu na Kenya. Leo hii sato akifugwa China, Brazili au Misri, anaitwa kwa jina la ukoo lililoanzia mguuni mwa mlima wetu.

Yote hayo aliyaweka katika kitabu cha mwaka 1983, kurasa 583. Alikuwa na miaka 82. Na kabla ya hapo, mwaka 1977, alikwisha toa kazi nyingine nzito juu ya samaki wa Bahari ya Hindi na Pasifiki wanaotoa mlio kama ngoma.

Deni linalipwa

Sasa turudi kwenye ile ahadi ya mwaka 1935. Samaki wa Ziwa Nyasa walikuwa bado wanasubiri maelezo yao kamili. Bi. Trewavas hakusahau. Mwaka 1989, akishirikiana na Bwana David Eccles, alitoa kitabu kilichopanga upya makundi mengi ya samaki hao. Hesabuni wenyewe, ni miaka 54 tangu ule muhtasari. Alikuwa na miaka 88. Katika kikundi chetu tunajua marejesho ya kuchelewa yanavyoudhi, lakini marejesho ya namna hii nani atayakataa?

Alifariki dunia mwezi Agosti 1993, akiwa na umri wa miaka 92. Wapo samaki kadhaa waliopewa jina lake na wataalamu wenzake, mmojawapo akiwa samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa aliyeitwa hivyo mwaka 1956.

Tunachobaki nacho

Tusiishie kwenye sifa. Ngege wa Ziwa Victoria, aliyekuwa samaki wa mezani wa bibi zetu, alivuliwa mno kwa nyavu zenye matundu madogo. Kisha katika miaka ya 1950 wakaletwa perege wa kigeni, akiwemo sato, na sangara naye akaingizwa. Kufikia miaka ya 1980 ngege alikuwa karibu ametoweka ziwani. Amebaki kwenye maziwa madogo na mabwawa ya pembeni, tena humo nako anachanganyika na wageni. Chambo wa Ziwa Nyasa nao, pamoja na yule lidole, wamewekwa kwenye orodha ya samaki walio hatarini kabisa.

Anayetaka kujua leo ngege halisi alikuwaje kabla ya kuchanganywa, atakwenda kwenye mitungi na kwenye kitabu cha mama huyu. Yeye aliandika akiba ikiwa bado ipo. Kuilinda hakukuwa kazi yake peke yake, ni kazi ya mvuvi, ya mnunuzi, na yetu sisi tunaopokea ndoo pale mwaloni alfajiri. Ukinunua vifaranga vya sato kwa sababu ni rahisi, umekula mtaji siyo faida. Hilo mwanachama yeyote wa miaka kumi analielewa bila kuelezwa.

Mungu amlaze mahali pema. Na mabinti zetu wanaopenda sayansi, tusiwaambie kuwa samaki ni wa jikoni tu.