Luanda Magere na Majoka ya Uwanda wa Kano

Utangulizi

Katika likizo moja ya Desemba nilikuwa Pap Onditi, Nyakach, ambako vijana wawili waliokuwa wamemaliza kidato cha nne walinionyesha daftari lao. Walikuwa wakibuni mchezo wa kuigiza wahusika, aina ya mchezo iliyopata umaarufu tangu Dungeons & Dragons ilipochapishwa nchini Marekani mwaka 1974. Katika mchezo wa namna hiyo kila mchezaji humuumba mhusika, humpa nguvu na udhaifu kwa tarakimu, kisha hurusha dadu ili kuamua iwapo pigo limempata adui. Mhusika mkuu wa vijana hao alikuwa Luanda Magere, nami nikafurahi. Lakini nilipofunua ukurasa wa pili niliona kwamba maadui zake, Lang'o, walikuwa wamechorwa kama majoka. Makala haya ni jibu langu kwa daftari lile. Yanasimulia maisha ya shujaa huyo kama yanavyosimuliwa Kano, kisha yanauliza joka la uwanda huu ni nani hasa.

Ukoo na zama zake

Luanda Magere alikuwa mtu wa ukoo wa Sidho miongoni mwa Wajaluo wa Kano. Jina lake la kwanza, kwa Kijaluo, lina maana ya mwamba. Kano ni uwanda tambarare unaoanzia kwenye ghuba ya Ziwa Viktoria na kwenda hadi chini ya milima ya Nandi, na Mto Nyando hupita humo ukielekea ziwani. Juu milimani waliishi majirani ambao Wajaluo waliwaita Lang'o, yaani Wanandi na Wakipsigis wa leo.

Masimulizi hayatoi tarehe ya kuzaliwa kwake. Yanamweka katika zama za kabla ya wakoloni, wakati ambapo utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe. Watu wa uwandani walipanda milimani kuteka mifugo, na watu wa milimani waliteremka kwa shabaha iyo hiyo. Katika uadui huo wa zamu kwa zamu ndimo Luanda alimopata jina.

Shujaa wa mwili wa jiwe

Inasimuliwa kwamba mwili wa Luanda ulikuwa kama jiwe. Mikuki ilimgonga ikapinda, mishale ikaanguka miguuni pake, na marungu yakavunjika mikononi mwa waliomshambulia. Alitangulia mbele ya wenzake vitani, na kwa kuwa hakuwa na sababu ya kujikinga, nguvu zake zote alizielekeza katika kupiga. Lang'o walishindwa mara kwa mara, mifugo yao ikatekwa na vijana wao wakauawa.

Shujaa asiyejeruhika huleta tatizo la kisanaa. Kama hawezi kuumia, hadhira haina sababu ya kumhofia, na kisa hakina pa kwenda. Wasimulizi wa Kano walilitambua jambo hilo kama walivyolitambua watu wa pwani katika kisa cha Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri ya Liyongo ilitolewa na mwanawe mwenyewe. Siri ya Luanda ilitoka nyumbani kwake pia.

Binti wa Lang'o

Lang'o waliposhindwa kwa silaha walifanya shauri. Mzee wao alimtoa binti yake mrembo akaozwe kwa Luanda, kwa sura ya kutafuta amani. Wazee wa Kano hawakuridhika. Walimwonya shujaa wao kwamba adui hatoi zawadi bila kutaraji faida. Luanda hakuwasikiliza. Alimwoa binti yule, akampenda, akamweka karibu naye kuliko wote.

Siku moja Luanda aliugua. Mkewe wa kwanza, ambaye Wajaluo humwita mikayi, hakuwapo nyumbani. Aliyekuwapo ni binti wa Lang'o. Luanda alimwomba amchanje chale na kumpaka dawa. Binti alichukua kisu, akajaribu, na kisu hakikuingia. Akajaribu tena, kikawa butu. Ndipo Luanda, akiwa amezidiwa na maumivu, alipomwagiza akichanje kivuli chake. Binti alikata kivuli kilichokuwa chini, damu ikatoka, dawa ikaingia, na mgonjwa akapata nafuu.

Usiku huo binti aliondoka, akarudi milimani kwa watu wake.

Kifo cha shujaa

Haukupita muda mrefu Lang'o wakateremka kwa vita. Luanda alitoka kuwakabili kama ilivyokuwa desturi yake. Mara hii hawakuulenga mwili wake. Mpiganaji mmoja alirusha mkuki kwenye kivuli, Luanda akaanguka na kufa. Alipokufa aligeuka jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa katika eneo la Kano hadi leo, na inasemekana kwamba wawindaji na wapiganaji walilinolea mikuki yao kabla ya safari, kwa imani kwamba mkuki ulionolewa hapo haukosi. Hivyo mwili uliokuwa ukipindisha silaha ukawa mahali pa kuzitia makali.

Nani ni joka?

Masimulizi ya Kano humwita binti yule msaliti, na mara nyingi hata jina hapewi. Lakini tumtazame kama mhusika. Aliondoka kwao peke yake akaishi katika boma la mtu aliyewaua ndugu zake. Alikaa humo bila kinga hadi alipoipata siri, kisha akapita uwandani usiku. Akitazamwa kutoka milimani, yeye ndiye shujaa wa kisa hiki, na Luanda ndiye dubwana lisilochomeka ambalo sharti liuawe kwa hila. Sifa walizopewa majoka katika daftari la Pap Onditi, ngozi isiyopenyeka na udhaifu mmoja uliofichika, ni sifa za Luanda mwenyewe.

Kama ni majoka, uwanda huu unayo ya kwake. Wanandi husimulia kwamba Kimnyole arap Turgat, kiongozi wao wa kiroho aliyeuawa mwaka 1890, alitabiri kuja kwa nyoka mkubwa atemaye moto na moshi, ambaye angetoka upande wa mashariki kwenda kunywa maji ya ziwa la magharibi. Reli ilivuka uwanda wa Kano na kufika ziwani, pale palipo Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Mwana wa Kimnyole, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza hadi tarehe 19 Oktoba 1905, alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Naye aliangushwa na amani ya uongo kama Luanda.

Nyakach nako kuna Omieri, chatu anayeheshimiwa kwa imani kwamba huleta mvua na mavuno. Mwaka 1987 chatu aliyeitwa kwa jina hilo aliungua katika moto wa nyika, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa huko. Joka la aina hii haliuawi na shujaa. Likiuawa, wanaoumia ni wakulima.

Hitimisho

Jambo hili si la mchezo tu. Mnamo Oktoba 1991 mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Miteitei, Tinderet, juu tu ya uwanda huu, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba zilichomwa tena huku na huku. Mtu hamchomei jirani nyumba kabla ya kumwondolea ubinadamu katika maneno, na maneno hayo huanzia katika visa tunavyowapa watoto.

Niliwashauri vijana wale wampe binti wa Lang'o ukurasa wake, wenye jina, nguvu na udhaifu kama wahusika wengine, na majoka wayatafute katika moshi wa reli au katika vichaka vya Nyakach. Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili iko kazi iliyo kubwa zaidi. Mjaluo na Mkipsigis wakikutana sokoni Sondu hupatana bei kwa Kiswahili. Kisa cha Luanda Magere kikisimuliwa kwa lugha hiyo husikika na pande zote mbili kwa wakati mmoja, na msimulizi hulazimika kusema yale anayoweza kuyasema mbele ya wote. Ni matumaini yangu kwamba wenzetu watakaokwenda nyanjani kukusanya mighani hii hawataishia uwandani, bali watapanda pia milimani wakaulize jina la binti yule.