Mtakatifu Tereza na Mwalimu wake wa Nyumbani

Katika mji wa Alençon, nchi ya Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873, alizaliwa mtoto wa tisa na wa mwisho katika nyumba ya Louis Martin na mkewe Zélie. Baada ya siku mbili akabatizwa. Naye ndiye ambaye Wakristo humwita Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Baba yake alikuwa fundi wa saa. Mama yake alifuma lesi, kazi ya vidole na macho, naye alikuwa na sifa kubwa kwa kazi hiyo mjini mwake. Katika watoto wale tisa, wanne walikufa wangali wadogo. Wakabaki mabinti watano: Marie, Pauline, Léonie, Céline, na Tereza kitinda mimba.

Wakubwa wawili walisomeshwa na watawa wa mji wa Le Mans, wakilala hukohuko. Marie alipomaliza masomo mwaka 1875, alirudi nyumbani akaanza kumfundisha Céline, aliyekuwa na miaka sita. Tereza alikuwa mdogo mno hata asiweze kuhesabiwa kuwa mwanafunzi, lakini hakukubali kuachana na Céline hata kidogo. Basi akaruhusiwa kukaa chumbani kwa sharti moja, yaani anyamaze. Marie alimpa shanga za kutunga, au kipande cha kitambaa cha kushona. Uzi ulipochomoka katika tundu la sindano, mtoto alijaribu kuurudisha asiweze, wala hakuthubutu kusema neno. Machozi yakamtiririka kimya kimya. Marie alipoona, alimtungia uzi wake, naye akatabasamu huku mashavu bado yamelowa.

Tena Marie aliwapa wadogo wake wawili kila mmoja kamba ya shanga zinazosogezwa. Mtoto alipojinyima kitu apendacho, au alipomwachia mwenzake badala ya kubishana, alitia mkono mfukoni akavuta shanga moja. Hivyo Tereza, asiyejua bado kuandika hata tarakimu moja, alikuwa akihesabu majitoleo yake. Watoto hao walizungumza habari hizo bustanini kwa bidii kubwa, hata jirani akashangaa asijue wanasema nini.

Tarehe 28 Agosti 1877 mama yao alifariki kwa ugonjwa wa saratani ya titi. Tereza alikuwa na miaka minne na miezi saba. Siku ya mazishi, Céline alimkumbatia Marie kuwa ndiye mama yake tangu siku hiyo; Tereza akamkimbilia Pauline akaficha uso kifuani pake. Mwezi wa Novemba baba yao aliwahamishia Lisieux, karibu na mjomba wao Isidore Guérin, mwuza dawa. Huko wakakaa katika nyumba iitwayo Les Buissonnets, yenye bustani mbele na nyuma.

Pauline alikuwa na miaka 16. Yafaa kuukumbuka umri huo, kwa maana mwalimu mwenyewe alikuwa msichana aliyefiwa na mama yake juzi tu. Marie alishika kazi za nyumba. Léonie na Céline walikwenda shule kwa watawa Wabenedikto. Tereza akabaki mikononi mwa Pauline.

Kila asubuhi palikuwa na kusoma na kuandika. Neno la kwanza ambalo mtoto aliweza kulisoma pasipo msaada wa mtu lilikuwa neno la Kifaransa lenye maana ya mbingu. Katekisimu na Historia Takatifu alizipenda sana, lakini sarufi ilimliza mara nyingi. Katika Kifaransa kila jina, hata la meza au la kiti, lazima lihesabiwe kuwa la kiume au la kike, na jambo hilo lilimshinda kabisa. (Wageni waliojifunza Kiswahili na ngeli zake walilia machozi ya namna hiyohiyo.) Masomo yalipokwisha, alipanda mbio hadi chumba cha juu alimokuwa baba yake, amwonyeshe alama alizopata. Alama njema zilipofika idadi iliyowekwa, alipewa zawadi na siku moja ya kupumzika. Walakini siku ile aliiona ndefu kuliko nyingine, kwa sababu haikuwa na masomo ya Pauline. Mwisho wa mwaka tuzo ziligawanywa kwa heshima zote, baba akiwa mwenyekiti. Mwanafunzi alikuwa mmoja tu, ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho, lakini moyo ulimdunda aliposikia jina lake likisomwa.

Alasiri alitembea na baba yake, wakaingia kila siku katika kanisa moja la mjini kuiabudu Sakramenti Takatifu. Waliporudi, alifanya kazi zake za kuandika, kisha akaenda bustanini. Huko aliokota mbegu na maganda ya miti, akayaloweka majini, akamletea baba yake kana kwamba ni chai nzuri. Mzee akajifanya anakunywa. Katika tundu za ukuta alijenga altare ndogo akazipamba kwa maua. Kila Jumatatu maskini walifika mlangoni, na sadaka ilitoka katika mkono wa mtoto mwenyewe. Jumapili ilikuwa siku ya furaha, lakini jioni yake alihuzunika, maana kesho siku za kawaida zingeanza tena. Usiku walicheza dama. Dada wakubwa wakasoma kwa sauti kitabu cha sikukuu za Kanisa. Baba akampakata Tereza na kumwimbia, ndipo wote wakapiga magoti kusali.

Pauline alimpenda mtoto huyo lakini hakumdekeza. Neno lake likisha kutoka halikurudi. Tereza aliogopa giza. Basi jioni Pauline alimtuma peke yake akalete kitu katika chumba cha mbali, wala hakupokea udhuru wowote. Hofu ikaisha.

Lakini kati ya masomo yote ya nyumba ile, moja lapita mengine. Tereza aliona ajabu kwamba Mungu hawapi wateule wote utukufu ulio sawa mbinguni, akaogopa kwamba wengine watakuwa na huzuni. Pauline hakumwekea maneno mengi. Alimtuma alete bilauri kubwa ya baba yao, akaiweka karibu na subana yake ndogo, yaani kile kikofia cha chuma ambacho mshonaji huvaa kidoleni. Akavijaza maji vyote viwili hadi ukingoni. Kisha akamwuliza ni kipi kilichojaa zaidi. Mtoto akatazama, akaona kwamba vyote viwili vimejaa sawasawa, wala hakuna kinachoweza kupokea hata tone moja zaidi. Mkatekumeni wa Luofu aweza kumwonyesha mwanawe jambo hilo leo kwa mtungi na kikombe. Halitaki ubao wala chaki. Tereza hakulisahau maisha yake yote.

Mwezi wa Oktoba 1881, akiwa na miaka minane na nusu, alipelekwa shule ya Wabenedikto. Kwa kuwa Pauline alimfikisha mbali, aliwekwa pamoja na wasichana waliomzidi umri. Msichana mmoja wa miaka 13 au 14 alimwonea wivu akamtesa kwa namna nyingi. Hapo ndipo upungufu wa malezi yale ulipofunuliwa: mtoto aliyezoea kukaa kati ya watu wampendao tu hakujua kujitetea. Alilia, akanyamaza. Miaka mitano ya shule ile aliihesabu kuwa miaka ya huzuni kuliko yote ya maisha yake. Tarehe 2 Oktoba 1882 likaja pigo jingine, maana Pauline aliingia monasteri ya Karmeli, na Tereza akaona amempoteza mama mara ya pili. Mwezi wa Machi uliofuata akaugua ugonjwa wa ajabu, wa kutetemeka na kuona vitisho, hata nyumba nzima ikaogopa. Akapona siku ya Pentekoste, tarehe 13 Mei 1883, alipokuwa akiiomba sanamu ya Bikira Maria iliyosimama karibu na kitanda chake.

Hata hivyo mwalimu hakuacha kazi yake. Kwa ajili ya Komunyo ya kwanza, ambayo Tereza aliipokea tarehe 8 Mei 1884, Pauline alimtengenezea ndani ya monasteri kitabu kidogo kwa mikono yake. Kila siku ilikuwa na maua yake, na kila ua lilikuwa jitoleo au sala fupi ya kuandikwa humo. Ilikuwa kama kamba ya shanga iliyogeuzwa kuwa kitabu. Jioni Marie alimpakata na kumweleza yaliyobaki.

Mwaka 1886 baba yake alimwondoa shuleni, akasoma kwa mwalimu mmoja mjini. Baadaye kidogo yeye mwenyewe alipata kuwatunza na kuwafundisha watoto wawili wa mama mmoja maskini aliyekuwa mgonjwa. Tarehe 9 Aprili 1888, mwenye miaka 15, akaingia Karmeli ya Lisieux. Huko aliwalea wanovisi, akimwonya kila mmoja kwa kadiri ya tabia yake.

Mwaka 1893 Pauline alichaguliwa kuwa mkuu wa monasteri, akiitwa Mama Agnès wa Yesu. Mwishoni mwa mwaka 1894 alimwamuru Tereza aandike kumbukumbu za utoto wake. Tereza akatwaa daftari la kawaida la shule, akaandika mwaka mzima katika nafasi chache alizozipata, akamkabidhi mwezi wa Januari 1896. Humo zimo sindano, shanga, bilauri na subana.

Akafariki kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, mwenye miaka 24. Alikuwa ameagizwa kumwombea mseminari mmoja, Maurice Bellière, kama ndugu wa kiroho. Naye aliingia shirika la Mapadri Weupe akafika nchi ya Nyasa, ambayo leo ni Malawi. Mwaka 1925 Baba Mtakatifu Pio XI alimtangaza Tereza kuwa mtakatifu, na mwaka 1927 akamweka kuwa msimamizi wa misioni, ijapokuwa hakuiona Afrika kamwe. Tarehe 19 Oktoba 1997 Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, yeye aliyelizwa na sarufi. Wazazi wake nao walitangazwa watakatifu mwaka 2015.

Maandiko yake yalipochapwa mara ya kwanza mwaka 1898, Pauline aliyasahihisha kwanza mahali pengi mno, kama alivyosahihisha zamani mezani pa Les Buissonnets. Pauline alifariki mwaka 1951. Mwaka 1956 madaftari yale yakatolewa jinsi mkono wa Tereza ulivyoyaandika, pamoja na makosa yake ya tahajia.