Selous, Mwindaji wa Bunduki ya Risasi Moja

Mwezi Juni 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliuteka mji wa Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, kutoka mikononi mwa Wajerumani. Katika vita hiyo hiyo, mbali upande wa mashariki, alikuwako afisa wa Kiingereza aliyewazidi umri karibu wenzake wote. Huyo ni Frederick Courteney Selous. Kwa kila mtu aliyekabidhiwa silaha, maisha yake ni funzo, na pia ni onyo.

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871, na mwaka uliofuata alikwenda kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda ndovu. Mfalme alimcheka kwa ujana wake, kisha akamruhusu. Silaha zake za kwanza zilikuwa magobori mazito ya kushindiliwa kwa mdomo. Siku moja gobori lilishindiliwa mara mbili kwa makosa. Lilipolipuka lilimtupa chini kifudifudi, na kitako chake kikavunjika vipande vipande.

Baadaye alishika bunduki iliyomfaa zaidi. John Farquharson, mlenga shabaha hodari wa Scotland, alikuwa amebuni mwaka 1872 kifungio imara kinachoshuka kwa wenzo nyuma ya mtutu. George Gibbs wa Bristol ndiye aliyeziunda bunduki hizo, zikiwa na michirizi ya mtutu iliyobuniwa na mhandisi William Metford. Zilipata sifa kubwa katika mashindano ya shabaha ya mbali, na nyingi zilitiwa nakshi katika vyuma vyake. Lakini zilichukua risasi moja tu. Mwindaji aliyemkosa ndovu kwa mara ya kwanza alikuwa na nafasi ndogo ya kujiokoa. Kwa hiyo Selous alijifunza kutulia, kusogea karibu, na kutofyatua mpaka awe na hakika.

Hata hivyo, ustadi wa mkono si uadilifu wa kazi. Njia alizozijua kwa hisani ya Lobengula, mwaka 1890 aliwaonyesha watu wa Cecil Rhodes, akawaongoza hadi mahali ulipo mji wa Harare leo. Mwaka 1893 alipigana upande wao, na ufalme wa Lobengula ukavunjwa. Mgeni aliyepokewa kwa kicheko akawa kiongozi wa wanyang'anyi wa nchi.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Selous alikataliwa kwanza kwa ajili ya uzee. Mwaka 1915 alikubaliwa katika batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, akatua Mombasa, akapigana Bukoba mwezi Juni mwaka huo. Upande wa pili, askari wengi Waafrika wa jeshi la Wajerumani walianza vita wakiwa na Mauser ya mwaka 1871, nayo ya risasi moja, ambayo moshi wa baruti yake ulimfichua mpigaji. Hata hivyo walipigana kwa utulivu uliowashangaza maadui zao.

Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, Kapteni Selous aliuawa kwa risasi, naye akazikwa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 65. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, mwanawe aliyekuwa rubani aliuawa vitani Ulaya. Pori alimozikwa liliitwa kwa jina lake tangu mwaka 1922. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Siku hizi bunduki za Farquharson husakwa na wakusanyaji wa silaha za kale, ambao huzitunza kwa mafuta na kuzistaajabia nakshi zake. Chuma hicho hakina hatia wala sifa. Selous alijua vema wakati wa kufyatua. Hakujiuliza vya kutosha anamfyatulia nani, wala kwa faida ya nani. Askari mwema hujiuliza yote mawili kabla kidole hakijagusa kifyatulio.